Kabla ya Kufunga Mlango

Kulikuwa bado giza aliposikia funguo zikilia. Ni kamlio kadogo tu, chuma kikigusa chuma, kama mtu anayetafuta ufunguo fulani bila kutaka kumwamsha mwenzake. Mama Kitufe akageuka kitandani, akanyoosha mkono upande wa ukutani, akakuta shuka baridi. Hapo ndipo usingizi ulipomtoka na akili ikamrudia. Mwenye funguo yuko udongoni, na mvua zimeshaja na kwenda juu yake.

"Nani huyo?"

Funguo zikanyamaza. Alipowasha taa alimwona binti yake amesimama juu ya kigoda nyuma ya mlango, gauni la kulalia limemvuka magoti, kidole bado kimenyooshwa kwenye msumari ambapo kitita cha funguo kilikuwa kikining'inia. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la watoto wadogo. Alikuwa mfupi, wa mviringo, na baba yake ndiye aliyemwita Kitufe, jina likamganda kiasi kwamba lile la cheti hata mwenyewe hakuliitikia.

Hakuwa na kiu wala hakuota vibaya. Alisema alikuwa anazisikiliza tu, kwa sababu leo zinaondoka.

Mama yake akamteremsha, akamrudisha kitandani, akamfunika. Mtoto akapotelea usingizini hata miayo hajaimaliza. Mama hakulala tena. Alikaa akizitazama zile funguo mpaka dirisha dogo likaanza kupauka, na miguu ya kwanza ya asubuhi ikapita juu ya vichwa vyao.

Maana chumba chao kilikuwa chini ya ngazi za shule. Dari lake liliinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni; upande mmoja mtu mzima alisimama wima, upande wa pili aliyeenea ni Kitufe peke yake. Saa ya ukutani hawakuihitaji. Miguu ikipanda mbio, ni asubuhi. Ikiteremka mbio zaidi, ni mapumziko. Ikipanda huku inaburuta, basi watu wameshiba na sasa wanakwenda kwenye hesabu. Marehemu alipenda kusema kwamba wao ndio watu pekee duniani wanaotembelewa na shule nzima kila siku, na hakuna hata mmoja anayewaomba chai.

Walimu walimwita Bwana Funguo. Alikuwa mtunzaji wa jengo, na wengi hawakuona kazi hiyo inatofautiana vipi na ya mfagiaji, kwa kuwa wote wawili huonekana na ufagio mkononi. Hata mkewe, alipoolewa, hakuona. Siku zile za mwanzo mwanzo, mapenzi yakiwa bado mabichi, alimtania kwamba anajipa cheo bure wakati anafagia kama wenzake. Mume akacheka, akajikuna kichwa pale alipozoea kujigonga na dari, akamwambia mfagiaji akimaliza sakafu amemaliza kazi, anakwenda kwake na usingizi wake. Yeye akimaliza sakafu ndiyo kwanza anaanza. Bomba likivuja ni lake. Kitasa kikilegea ni chake. Upepo ukivuma, wengine wanavuta shuka, yeye anatega sikio ajue ni dirisha lipi linagonga.

"Mfagiaji anaulizwa kama pamesafishwa," alisema. "Mimi naulizwa kama pamelala salama."

Na alikuwa na jambo lake la kila jioni. Kabla ya kufunga mlango wowote, uwe wa darasa, wa maktaba au wa choo, alisimama kizingitini akaita: "Kuna mtu?" Kisha akasubiri. Hakuita kwa kutimiza wajibu huku mkono uko kwenye ufunguo. Alisubiri kiasi cha mtu aliyesinzia kuinua kichwa na kukumbuka yuko wapi. Ndipo anafunga.

Alipokuwa mtoto, katika shule nyingine kabisa, alisinzia nyuma ya kabati baada ya masomo. Aliyekuja kufunga alichungulia, akaona madawati, akazungusha ufunguo. Mtoto akalala humo peke yake mpaka asubuhi. Akikisimulia kisa hicho alikitia chumvi ya kuchekesha, akidai chakula chake cha jioni kilikuwa chaki, na kwamba ya rangi ina ladha kuliko nyeupe. Lakini pale kizingitini, akiwa amesimama anasubiri kimya kimjibu, hakuwa na uso wa mtu anayetania.

Kitufe alipoanza kutembea akaugeuza ule wito kuwa mchezo. Alitangulia kukimbia, akajificha chini ya dawati au nyuma ya mlango. Baba akifika akauliza, "Kuna mtu?" sauti inatoka mafichoni: "Hakuna mtu!" Baba anasema, "Haya, kama hakuna mtu, nafunga," na hapo mtoto anachomoka akipiga kelele za furaha na kumvaa miguuni. Mchezo ulikuwa na sheria moja. Huruhusiwi kutoa sauti mpaka uulizwe. Kitufe aliishika sheria hiyo kama watu wazima wanavyoshika imani. Angeweza kukaa nyuma ya pipa, mikono miwili mdomoni, macho yakimtoka kwa kicheko alichokizuia, akiisubiri haki yake ya kuulizwa.

Kisha kifua kilimbana baba yake. Kilianza kama mafua ya kupita, kikakataa kupita. Alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi, mkewe ndiye aliyechukua kitita na kuzunguka, mtoto akimtangulia. Akirudi chumbani alimkuta mgonjwa amegeuzia uso mlangoni.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Kote."

"Haya. Basi tulale."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kila jioni, na hayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Asubuhi yake hakuamka.

Watu hawajamaliza hata kutoa pole, mwalimu mkuu alimwambia abaki na funguo kwa muda, mpaka uongozi utakapokaa. Ule muda ukarefuka. Mama Kitufe akajifunza kufunga koki kuu ya maji, kubadilisha kitasa, kutofautisha mlio wa bati lililolegea na wa tawi linalokwaruza. Akawa anauliza kila mlango, na mtoto akawa anajibu. Moyoni akaanza kujiruhusu kutumaini. Alitaka kitu kimoja tu, apewe kazi ile kwa jina lake, ili binti yake akulie nyuma ya milango aliyokuwa akiifunga baba yake.

Uongozi ulipokaa, haukukaa upande wake.

Mwalimu mkuu alimweleza ofisini, miwani ameivua na kuishika kama kitu kilichomchosha. Hakuwa mtu mbaya. Alianza mbali, akapitia kampuni ya usafi iliyopewa kazi ya shule zote za eneo lile, akapitia mlinzi atakayeshika funguo za lango na za madarasa, akafika kwenye chumba cha chini ya ngazi, ambacho kampuni inakihitaji kwa stoo. Mama Kitufe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, ndipo akauliza kwa upole kama huyo mtunzaji mpya anamzidi nini.

"Mwanangu, hakuna mtunzaji mpya. Angekuwepo ningekupigania. Nafasi yenyewe ndiyo haipo." Akavaa miwani, akaivua tena. "Ya ufagiaji ipo. Nimeshawaambia wakuchukue wewe kwanza."

Ungegombana na mtu aliyekunyang'anya kiti. Na kiti kikiwa kimechomwa kuni, ugombane na nani? Mama Kitufe akashukuru. Mtu mwenye mtoto hushukuru kwanza, kulia atalia baadaye.

Kwa hiyo asubuhi ile, mtoto alipokwisha amka na kunywa uji, alikitoa kitita msumarini, akafuta ufunguo mmoja mmoja kwa kitambaa, akakipeleka ofisini. Alirudi akajaribu kuung'oa na msumari, kwa kuwa ni mumewe aliyeupigilia. Ukakataa. Akauacha. Vyombo vyao vilikuwa vichache, godoro, sufuria, kigoda, nguo za marehemu ambazo bado hakuwa na moyo wa kuzigawa. Wifi yake, dada wa marehemu, ambaye alikuwa mshonaji na alipanga nyumba mtaa wa nyuma ya shule, aliwapokea kwenye chumba alichokuwa akishonea. Wakawa wanalala na cherehani, na vipande vya nyuzi vikawa vinawashika nywele.

Kazi mpya ilikuwa na sare ya buluu na sheria nyingi. Kila mfagiaji na sehemu yake. Dirisha, taa, bomba, hayo hayamhusu. Akiona kasoro amwambie msimamizi, naye atamwambia anayehusika. Kuleta mtoto kazini marufuku. Ile milango iliyokuwa ikimtii sasa ilifunguliwa na mlinzi wa lango, mtu wa makamo mwenye goti bovu, aliyepanda ngazi akimtaja kila mtu aliyewahi kumkosea. Stoo peke yake, yaani kile chumba cha chini ya ngazi, ndiyo iliyoachwa wazi mchana kutwa ili wafagiaji watoe na kurudisha vifaa, na wa mwisho kutoka aliibana kufuli. Lilikuwa kufuli la kubana tu, halihitaji ufunguo kufunga. Kulifungua ndiko kulikohitaji mlinzi.

Mara ya kwanza alipoingia humo kuchukua deki, alinusa sabuni ya madumu mahali palipokuwa na harufu ya mumewe. Msumari ulikuwa bado upo. Mtu alikuwa ameuning'inizia glavu.

Mwenzake wa zamu alikuwa mama mtu mzima ambaye kila mmoja alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote. Alifagia kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mwingine. Alimwona Mama Kitufe anafunga dirisha mvua isinyeshee vitabu, akatikisa kichwa. Alimwona anakaza bomba linalodondoka, akaguna. Siku hiyo hiyo akamkuta anaita "Kuna mtu?" kwenye mlango wa darasa lililokuwa wazi na tupu, akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, unalipwa sakafu. Mbona unabeba na dari?"

Wakacheka wote wawili, na Mama Kitufe akaendelea kuita. Aliita kwa sauti ya chini, karibu ya kujisemea. Ilikuwa kama mtu anayeendelea kutenga vikombe viwili mezani huku anajua fika kwamba mnywaji ni mmoja.

Msimamizi wa kampuni walimpachika jina la Bwana Saa, kwa vile hakuweza kumaliza sentensi bila kutazama mkono wake. Yeye naye akamsikia. Akamwita kando, mbali na wenzake, jambo ambalo lilikuwa la heshima. Akamuuliza anamwita nani. Mama Kitufe akaeleza, kwa ufupi, bila kumtaja marehemu.

"Dada, mimi nakuelewa," akasema Bwana Saa. "Lakini wewe si mtunzaji tena. Siku kitu kikipotea humo, au mtu akipatikana humo, watasema aliyeangalia ni wewe, kwa kuwa ulikuwa unaita. Unajipalia makaa bure. Futa sakafu yako, bana kufuli, nenda. Akitokea mtu wa pili kulalamika, sitakuwa na la kukutetea."

Akatazama saa. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yamezeke kwa shida.

Jioni ile Mama Kitufe alifika kwenye mlango wa darasa la mwisho, mdomo ukafunguka wenyewe, akaufunga. Alihisi kama amepita mbele ya mkwe bila kumwamkia. Kesho yake tena, akapita bila kuuliza. Siku ya tatu hivyo hivyo. Na kilichokuja kumuuma zaidi, alipokaa akafikiri, ni kwamba baada ya siku chache hakikumuuma tena. Alimaliza sakafu, akaenda kwa wifi yake na usingizi wake. Alikuwa amekuwa mfagiaji.

Kitufe peke yake ndiye aliyekuwa hajahama. Mwili ulilala kwenye chumba cha cherehani, roho ilibaki shuleni. Aliuliza kama sasa hivi jengo limelala salama. Aliuliza nani anapita milangoni. Mama yake, akichambua nyuzi kwenye nywele zake, alimjibu kwamba kuna mlinzi. Mtoto akataka kujua kama mlinzi anauliza.

"Anauliza," mama akasema. Alitaka mtoto alale.

Utaratibu wa siku ulikuwa mwepesi. Darasa la wadogo lilitoka mchana, wifi akamchukua Kitufe langoni, mama akaendelea na kazi hadi alasiri. Kisha gari la kampuni liliwapeleka wafagiaji jengo la pili, la maofisi, wakarudi jua linazama. Mara moja au mbili wifi alichelewa kwa kazi ya kushona, Mama Kitufe akamtoroka msimamizi kwa dakika chache na kumpeleka mtoto mwenyewe. Hakuna aliyeona ubaya. Ndugu hawaandikiani mikataba.

Siku yenyewe wifi alikuwa na nguo ya mteja aliyekuwa amekaa pale pale anaisubiri, sindano ikakatika, akachelewa. Alipofika langoni mlinzi akamwambia watoto wadogo wameshaondoka wote. Wifi akaona basi, mama yake amemchukua kama mara ile, akarudi kwenye cherehani yake. Ndani ya jengo, Mama Kitufe alikuwa juu akipiga deki, akijua binti yake yuko kwa wifi anacheza na vipande vya vitambaa.

Alasiri gari lilipiga honi mapema kuliko kawaida. Bwana Saa alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, mkono ameuinua usawa wa macho. Shangazi alishapanda, akamfokea kwa utani kwamba bibi harusi anasubiriwa. Mama Kitufe akateremka ngazi mbio, akasukuma mlango wa stoo kwa goti, akatupa deki kwenye kona yake, akageuza ndoo kichwa chini. Chumba kilikuwa na giza lake la siku zote. Akavuta mlango, akabana kufuli. Likalia. Akakimbia.

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa aliporudi kwa wifi yake, mkononi ana embe moja alilopewa huko maofisini. Cherehani ilikuwa inakwenda. Wifi akainua macho, akamtazama yeye, kisha akatazama nyuma yake, chini, kwenye urefu wa mtoto.

"Kitufe yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

Cherehani ikasimama.

Hawakulaumiana, muda wa kulaumiana haukuwepo. Wifi alitoka akielekea upande wa dukani na nyumba za majirani, miguu bila viatu. Mama Kitufe akakimbilia shule. Baadaye hakukumbuka njia. Alikumbuka tu kwamba embe lilikuwa bado mkononi alipofika langoni, na kwamba alikuwa ameliminya hadi maji yanamchuruzika kiwikoni.

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, goti amelinyoosha. Alimsikiliza, akainuka kwa shida, akatia huruma usoni. Akasema haiwezekani mtoto awe ndani. Amepita mwenyewe. Amechungulia kila chumba na kufunga.

"Uliuliza?"

"Nimuulize nani, mama, na vyumba ni vitupu?"

Swali lile lilimgeukia mwenyewe. Mlinzi akampigia simu Bwana Saa. Bwana Saa akasema, na sauti yake ilisikika hadi nje ya simu, kwamba mfanyakazi wa kampuni haingii baada ya saa za kazi, wasubiri anakuja. Mlinzi akaishusha simu, akaitazama, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake na embe lililopasuka. Akafungua mlango mdogo wa lango.

"Pita. Goti langu bovu, hata ukipita kwa nguvu siwezi kukukimbiza."

Akamfuata nyuma akichechemea, kitita cha funguo kikimlialia kiunoni, kile kile.

Mama Kitufe alianzia darasa la wadogo. Akasimama kizingitini. "Kuna mtu?" Akasubiri. Viti vidogo vilikuwa vimepangwa, ubaoni kuna jua lililochorwa na mtoto, lina macho na meno. Akaenda maktaba, akaita, akasubiri. Akapanda juu. Kila mlango mlinzi alifungua bila kuulizwa, na kila mlango yeye aliita kama alivyokuwa akiita mumewe, akijilazimisha kutulia, akijilazimisha asikimbilie mlango wa pili kabla kimya hakijamaliza kujibu. Sauti yake ilitangulia ukumbini ikamrudia nyembamba. Chooni. Chumba cha walimu. Darasa la mwisho. Mlinzi, ambaye mwanzoni alikuwa akiguna, sasa alikuwa ameivua kofia.

Hakuna mtu. Hakuna mtu popote.

Ilikuwa wakati anateremka, hatua zake zikigonga zile ngazi, ndipo alipozisikia hatua zenyewe jinsi zinavyosikika kwa mtu aliye chini yake. Akasimama katikati. Akakumbuka goti lake likisukuma mlango. Akakumbuka giza la kona, ule upande wa dari lililoinama, alikoenea mtu mmoja tu. Akakumbuka kufuli, na mkono uliolibana. Haukuwa mkono wa mlinzi.

Ngazi zilizobaki aliziteremka akiwa ameshika ukuta.

Mlango ule alikuwa ameufungua kutoka ndani miaka yote ya ndoa yake. Sasa alisimama mbele yake kwa nje. Akaita kwa sauti ndogo, ya kukwaruza.

"Kuna mtu?"

Akasubiri. Mlinzi alikuwa ameshatafuta ufunguo, lakini naye akasubiri, wala hakuambiwa.

"Hakuna mtu," kikajibu kisauti ndani. Hakikuwa na kicheko.

Kufuli lilifunguka. Kitufe alikuwa amekaa nyuma ya madumu ya sabuni, chini ya msumari, mkoba wa shule mapajani. Sketi yake ilikuwa imelowa, na alikuwa amevuta kitambaa cha deki akaifunika isionekane. Mkono wa sweta aliutafuna hadi nyuzi zikatoka. Machozi yalikuwa yamekwisha kauka, yameacha michirizi. Mama yake alipiga magoti pale pale kwenye maji ya ndoo, akamvuta kifuani, akamnusa utosi, akamshika miguu, mikono, masikio, kama anayekagua kama vyote vimerudi. Mlinzi akageuka akatazama ukuta.

Alipoweza kusema, alimuuliza kwa nini hakumwita. Je, hakumsikia mama yake akiingia na deki? Mtoto akatikisa kichwa kwamba alimsikia. Aliijua ile ni miguu ya mama. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akajibana kabisa asionekane, akangoja.

"Sasa mbona hukusema kitu, mwanangu? Ungesema hata neno moja."

Kitufe akamtazama. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua.

"Mama, leo hukuuliza kama kuna mtu."